Meza Isiyopita Mlangoni

Mtaa mzima ulijua kwamba Seremala ni bingwa wa kupima. Ubao aliupima kwanza kwa jicho, na futi ikija baadaye ilikuwa ya kuthibitisha tu. Kwa hiyo siku alipomaliza meza kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza, meza ya kuwakalisha watoto wake wote, wakwe watakaokuja na wajukuu watakaofuata, alipitisha kiganja juu yake huku amefumba macho, kama alivyofanya siku zote ubao ukimridhisha. Kisha akafumbua macho, akatazama meza, akatazama mlango, akatazama meza tena. Meza ile alikuwa ameitengenezea ndani ya nyumba, kwenye chumba cha nyuma, kwa sababu ulikuwa msimu wa mvua na karakana yake ilikuwa inavuja. Mlango wa chumba hicho ulifungukia korido nyembamba yenye kona, na meza haikuweza kupita hapo kwa ubavu, wala kwa kichwa, wala miguu juu. Bingwa wa kupima alikuwa amepima kila kitu isipokuwa njia ya kutokea.

Usije ukasema kwamba angeifungua. Seremala huyu alikuwa na dharau kubwa kwa misumari. Miguu ya meza aliipachika kwa vigingi na gundi, kiungo ndani ya kiungo, mpaka ungedhani mti uliota hivyo, na kuitenganisha ilikuwa lazima msumeno upite. Wa kwanza kuutaja msumeno alikuwa jirani wa ng'ambo ya uchochoro, mjane mwenye sauti ya kengele, aliyekuja kujionea kwa macho yake na akacheka mpaka akakaa chini. Seremala akamjibu kwamba meza iliyokatwa si meza tena, ni kuni zilizopigwa msasa. Na usije ukasema pia kwamba wangekula humo humo chumbani. Meza ilikijaza chumba kama mguu unavyojaza kiatu. Ilibaki nafasi ya mtu kupita kiubavu, tena mtu mwembamba, na kiti hakikuwa na pa kuwekwa.

Basi siku ile, watu wakiwa wamejaa koridoni wanacheka, na dada yake mwenyewe akicheka kuliko wote, Seremala akapandwa na hasira akaapa. Alisema hataweka sahani yake juu ya meza wala mkeka wowote duniani mpaka hii itoke humu. Watu wakacheka zaidi. Lakini jioni hiyo alichukua sahani yake, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, akaiweka magotini, akala huku uso umeelekea uani na mgongo umeelekea nyumba. Kesho yake hivyo hivyo. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, hasira zikaisha zenyewe, kiapo kikabaki, na mazoea yana taabu.

Aliyeumia ni mkewe. Mtaani walimwita Mama Upawa, kwa kuwa alikuwa mpishi wa shule na ule upawa wake mrefu aliushika kama askari anavyoshika rungu. Kila mchana alisimama kwenye dirisha la jiko akigawa chakula, na sahani ikishajaa hakuitazama tena, alitazama uso wa anayekula. Imani yake ilikuwa kwamba mdomo wa mlaji unaweza kusema uongo lakini uso hauwezi. Mtoto akisema asante ni kitamu huku nyusi zimekunjana, Mama Upawa alirudi kwenye sufuria kuongeza chumvi. Alizijua nyuso za shule nzima. Uso ambao hakuwahi kuuona vizuri ukiwa unakula ulikuwa wa mumewe.

Miaka ya mwanzo walikula wote mkekani, lakini nani ana nafasi ya kumtazama mume huku mtoto mmoja anammwagia mwenzake mchuzi na mwingine anaficha nyama mfukoni? Watoto walipokua, na yeye akapata wasaa wa kuinua kichwa, mwenzake alikuwa ameshahamia kizingitini. Na mwanamume mwenyewe hakuwa wa kusifu. Ukimuuliza chakula kikoje, anasema kimeiva. Neno hilo moja ndilo Mama Upawa alilopata katika ndoa yake yote: kimeiva. Hata maharage ya mfungwa yanaiva. Alichotaka kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ni kukaa mbele ya mumewe ana kwa ana na kumwona akila, ajue kama chakula chake kinampendeza au kinamshibisha tu.

Mambo yalichangamka siku mkwe alipokuwa anatafuta bafu. Mkwe huyo ni mke wa mtoto wao wa kwanza, mwenyewe mhandisi wa majengo, msichana mwenye kuongea kwa kasi ya cherehani, aliyekuja kuwatembelea wakwe zake wakati wa likizo. Akafungua mlango usio wake. Mama Upawa, aliyekuwa jikoni, akasikia kimya, kisha akasikia kicheko kinachopanda taratibu kama maziwa yanayotaka kufurika. Alipofika alimkuta mkwe ameegemea ukuta, machozi yanamtoka, anaionyeshea kidole ile meza na masanduku na magodoro yaliyorundikwa juu yake.

"Mama," akasema alipoweza, "hii iliingiaje?"

Mama Upawa alimsimulia yote, mvua, karakana, kiapo na kizingiti, na kadiri alivyosimulia naye akashikwa na kicheko, mpaka wakawa wameshikana mabega wawili hao kama walevi. Halafu mkwe akageuka ghafla. Akaugonga ukuta alioegemea kwa kifundo cha kidole, ko, ko, akauliza kwa nini wasiutoe huo. Ndio ukuta uliotenganisha chumba cha nyuma na sebule. Ukiondoka, vyumba viwili vinakuwa kimoja, na meza inakuwa katikati ya nyumba bila kuhangaika na mlango.

Wazo hilo halikuwa geni. Miaka ya nyuma Seremala alishamwita mwashi wa mtaa, aliyejulikana kwa jina la Timazi kwa sababu kuta zake zilinyooka na yeye mwenyewe alitembea ameinama upande. Timazi aliugonga ukuta, akatazama juu, akasema ukuta huu umebeba. Ghorofani, juu yake kabisa, aliishi dada mkubwa wa Seremala, yaani wifi yake Mama Upawa, na Timazi akaonya kwamba ukuta ukitoka dada mtu atashuka bila kutumia ngazi. Mjadala ukafia hapo.

Mkwe alikubali kwamba Timazi alisema kweli. Lakini mzigo, akaeleza, hauulizi jina la anayeubeba. Ukuta huu ni kama mtu mmoja mnene aliyejitwisha kila kitu kichwani. Wao wataweka watu wawili wembamba wenye nguvu, mmoja kila upande, hizo ni nguzo. Watawapa mti wa chuma wabebe mabegani, hiyo ni boriti. Mzigo ukishawakaa vizuri, yule mnene ataambiwa akapumzike. Mama Upawa alielewa kila neno.

Seremala hakutaka kusikia. Jioni, akiwa kizingitini na sahani magotini, alisema watu walishacheka vya kutosha na hakuona sababu ya kuwaletea kicheko kipya. Mama Upawa alisimama nyuma yake akitazama kisogo chake, kisogo ambacho sasa alikijua kuliko mtu yeyote duniani, na akaamua kusema lililo moyoni.

"Baba watoto, mimi nataka kukuona ukila."

Seremala alibaki na tonge mkononi. "Kuniona nikila? Kuna nini cha kuona?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Alitafuna kwa muda mrefu, akitazama uani. Kisha akasema, bila kugeuka, kwamba basi aitwe Timazi.

Watoto walipopigiwa simu walichangia kabla hawajamaliza kucheka, na wiki haikuisha nyumba ikageuka uwanja wa kazi. Kikwazo cha kwanza kilikuwa Wifi. Alitangaza kwamba ameishi ghorofani tangu huyo mhandisi hajazaliwa, na hakuna chuma kitakachomtoa. Sakafu ikikatika, alisema, ataangukia meza, na angalau siku hiyo itakuwa imefaa kitu. Mkwe alipanda ngazi, akapiga goti kwa heshima zote.

"Shangazi, nakuomba ushuke. Sipigi nyundo hata moja wewe ukiwa juu."

Ukiombwa hivyo huna ujanja. Wifi alishuka na redio yake, mto wake na kiti chake cha kukunja, akaweka makao uani, akajiteua msimamizi wa kazi. Tangu saa hiyo hakuna tofali lililosogea bila yeye kulitolea maoni.

Meza ilisukumwa mpaka ukuta wa mbali ili pande zote mbili za ukuta unaotolewa ipatikane nafasi ya mirunda, ile miti mirefu ya kushikilia dari wakati kazi inaendelea. Nafasi yenyewe ilikuwa ya kubana. Timazi, ambaye tumbo lake halikujua kunyooka kama kuta zake, aliingia kati ya meza na ukuta akiwa na mrunda mmoja, akausimamisha, akaupigia kabari, kisha akagundua kwamba hatoki. Ilibidi Seremala amvute shati na Mama Upawa amsukume kwa upawa. Kila alipocheka tumbo lilivimba akakwama zaidi, na Wifi kutoka uani akauliza kama sasa wana meza mbili humo ndani.

Mirunda ilipokuwa imesimama safu mbili kama wanafunzi wa paredi, Timazi alichimba mashimo kwenye ncha mbili za ukuta, akashusha msingi, akafunga nondo, akamwaga zege. Mkwe alisimama juu yake muda wote, na yeye hakuchukia, maana alijua kwamba jicho la pili halina hasara. Mbao zilizolizingira zege zilipotolewa, nguzo zilisimama pale, za kijivu na nyembamba, kila moja imevishwa gunia bichi. Zege linataka maji ili lishike, mkwe akasema, na Mama Upawa akajitwika kazi hiyo. Asubuhi kabla ya kwenda shule na jioni akirudi alizimwagilia kwa kopo akizungumza nazo. Jirani alimwona dirishani akauliza zitachanua lini. Mama Upawa akamjibu kwamba zikichanua atamkatia ua moja.

Alikuwa hajawahi kuwa na furaha ya namna hiyo tangu aolewe. Shuleni aliimba akikoroga sufuria. Watoto walimuuliza kuna nini, naye akawaambia nyumbani kwake panajengwa dirisha la jiko la pili, la kumwona mlaji mmoja tu. Hawakumwelewa, na hakujali.

Kisha ikaja boriti.

Ilikuja juu ya lori, chuma cha futi nyingi, chekundu kwa rangi ya kuzuia kutu, kizito kiasi kwamba vijana wa mtaani walioitwa kusaidia walipokishusha walikunja uso kabla hata hawajakigusa. Wakakiweka mabegani. Wakaingia nacho mlango wa mbele kwa kishindo, mkwe akiwa mbele anaelekeza kama askari wa barabarani, wakaingia koridoni, wakafika kwenye kona. Wakasimama. Wa mbele akasema hakuna njia. Wa nyuma, aliyekuwa bado barabarani, akauliza nini. Walijaribu kuinua kichwa, wakajaribu kuinua mkia. Walijaribu kurudi na kuingia kinyumenyume, kana kwamba chuma kina uso na kisogo. Kona ile ile iliyokataa meza ilikuwa imekataa boriti. Sebuleni kwenyewe waliingilia koridoni, na dirisha la mbele lilikuwa dogo la kupitisha hewa tu.

Mkwe alitazama kona, akatazama chuma, na uso wake ukabadilika taratibu. Alikuwa amepima urefu wa ukuta, uzito wa ghorofa, upana wa nguzo na kina cha msingi. Alikuwa amepima hata kimo cha Timazi ili ajue atasimamia nini. Akafunika uso kwa mikono miwili.

"Baba, nisamehe," akasema kwa sauti ndogo. "Nilipima kila kitu."

"Hata mimi, mwanangu," Seremala akajibu. "Nilipima kila kitu."

Wahenga walishasema mcheka kilema hafi hakijamfika. Kilichofuata, hata hivyo, hakuna aliyekitarajia. Seremala alianza kutikisika mabega. Kwanza walidhani analia. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko kilichokuwa kimefungiwa ndani pamoja na meza miaka yote hiyo, na kilipotoka hakikuuliza upana wa mlango. Alicheka mpaka akaishika boriti ili asianguke. Mkwe akafungua kiganja kimoja, akachungulia, naye akaanza. Timazi akaanza, na vijana waliokuwa na chuma mabegani wakasihi watu wanyamaze kwa sababu mtu hawezi kucheka na kubeba kwa wakati mmoja. Uani Wifi alipiga kelele anataka kuambiwa kuna nini, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Mama Upawa ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye mwenye haja. Alitazama ukutani, upande wa sebule unaopakana na uchochoro. Pale palikuwa na dirisha, hatua moja tu kutoka ukuta unaotolewa, na ng'ambo ya uchochoro, likitazamana nalo, palikuwa na dirisha la sebule ya Jirani. Miaka yote wanawake hao wawili walipeana mabakuli kupitia madirisha hayo, huyu akinyoosha mkono na yule akinyoosha mkono, mchuzi ukavuka uchochoro bila kumwagika. Na dirisha la Jirani lilitazamana sawia na mlango wake wa mbele.

"Kama bakuli linapita," akasema, "chuma nacho kitapita."

Mkwe alitoka mbio na futi mkononi. Safari hii alipima milango kabla ya kitu kingine chochote. Alipima wa Jirani, akapima madirisha yote mawili, akapima mara ya pili, kisha akamwomba Seremala apime naye, na wote wawili wakakubaliana. Jirani alisikiliza shida yao, akaweka mikono kiunoni. Masharti yake yalikuwa mawili. Kwanza, apewe kiti kwenye meza hiyo siku ya kuizindua. Pili, asiambiwe ainuke kwenye kochi, maana alikuwa amekaa na chai yake.

Wakatoa vyuma vya madirisha yote mawili, wakapita. Chuma kiliingia mlangoni kwa Jirani, kikakata sebule yake katikati, kikatokea dirishani, kikavuka uchochoro huku vijana wengine wakikipokea kutoka chini, kikaingia sebuleni kwa Mama Upawa. Kwa muda fulani kilikuwa ndani ya nyumba mbili kwa pamoja. Jirani alikaa kwenye kochi lake, kikombe mkononi, boriti ikimpita mbele ya pua polepole kama treni isiyosimama kituo hicho, na mkia wake ulipopita akaupungia mkono.

Boriti ikiwa ndani, zamu ya ukuta ikafika. Mkwe alimpa Seremala nyundo kubwa. Seremala akaipima uzito mkononi, akamgeukia mkewe, akamkabidhi yeye. Mama Upawa alikuwa amekoroga sufuria kubwa maisha yake yote na mikono yake haikuwa ya mchezo. Alirudi nyuma hatua moja, akapiga. Tofali likazama, likaanguka upande wa pili kwa kishindo, na kwenye tundu lililobaki mwanga wa sebuleni ukaingia chumba cha nyuma ukatua juu ya meza. Mbao zake zilikuwa na rangi ya asali, na hakuna aliyekuwa ameliona hilo, kwa kuwa chumba kile siku zote kilikuwa kiza. Seremala alitazama kupitia tundu hilo kama mtu anayemwona mwanawe aliyekuwa safarini.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kupiga. Jirani alipiga, na Wifi akaacha usimamizi akaja kupiga, tena mara nyingi kuliko alizopewa, mpaka Timazi akamnyang'anya nyundo kwa adabu na kuendelea na kazi kwa utaratibu, tofali kwa tofali, mirunda ikiwa imesimama imara na dari ikiwa haijatikisika. Jioni ilipofika ukuta ulikuwa kifusi uani.

Asubuhi iliyofuata walipandisha boriti. Upande wa sebule walikuwa na jukwaa la mbao na mapipa. Upande wa pili hapakuwa na nafasi ya jukwaa, palikuwa na meza. Timazi alijikuna kichwa, akamtazama Seremala, hakuthubutu kuuliza. Masanduku na magodoro meza ilishayabeba, lakini mtu kuikanyaga, hata watoto walijua ni kosa. Seremala alitandika blanketi juu yake. Kisha akavua viatu, akapanda wa kwanza, akasimama katikati, akaruka kidogo kuwaonyesha kwamba hailii.

Vijana wakavua viatu wakapanda. Moja, mbili, tatu, wakainua. Chuma kilipanda mpaka kiunoni, kikapanda mpaka mabegani, kikapita kati ya safu mbili za mirunda, na kwa kelele moja ya pamoja kikakaa juu ya nguzo mbili zilizomwagiliwa kwa kopo. Timazi akajaza nafasi iliyobaki kati ya boriti na dari kwa vipande vya chuma na saruji ngumu, akabana mpaka hata wembe usingepita. Meza ilikuwa imesaidia kuinua kile kitakachoiweka huru. Haikutoa hata mlio mmoja.

Saruji ilipokauka mkwe aliwakusanya wote, akamwambia Timazi aanze kutoa mirunda. Timazi aligonga kabari ya kwanza, mrunda ukalegea, akautoa. Akatoa wa pili. Wifi alikuwa ameshika mkono wa Jirani. Wa mwisho ulipotoka nyumba ilitoa mlio mmoja mdogo, kama mtu anayekaa vizuri kitini, kisha ikatulia. Mkwe alipanda ghorofani, akatembea, akaruka, akashuka akisema kwamba watu wawili wembamba wameupokea mzigo. Mama Upawa alizikumbatia nguzo, moja baada ya nyingine, vumbi likamjaa kifuani.

Siku ya kuzindua watoto wote walikuja, viti vikaazimwa, na Mama Upawa akapika kama anayepikia shule lakini kwa mkono wa mtu anayempikia mmoja. Watu walikaa. Jirani alikuwa wa kwanza, asije akapokonywa kiti chake. Mama Upawa akajaza sahani ya mumewe, akamkabidhi, akaenda kukaa na kumwachia kiti kilichoelekeana na chake.

Seremala alichukua sahani, akageuka, akaelekea kizingitini.

Meza nzima ikamgeukia. Mama Upawa alimtazama akienda. Kubomoa ukuta, kupitisha chuma katika nyumba ya watu, na mwisho wake bado kisogo. Seremala alisimama katikati ya njia, akageuka. Alionekana mwenye haya.

"Nilisema mpaka itoke humu," akasema. "Haijatoka. Iko pale pale nilipoitengenezea. Kiapo ni kiapo."

Wifi akasema ametumia maisha yake kuishi na wendawazimu. Jirani akasema chumba chenyewe hakipo, sasa meza itatokaje katika kitu kisichopo? Hoja zikapamba moto, kila mtu hakimu. Mama Upawa hakutoa hoja. Alisimama, akakunja mikono ya gauni, akashika pembe ya meza.

"Inukeni," akasema. "Tusukume."

Wakainuka wote, watoto, wakwe, Jirani, Wifi na Timazi na tumbo lake, sahani zikagongana, mchuzi ukayumba. Wakasukuma. Meza ikakwaruza sakafu, ikapita chini ya boriti, ikavuka ule mstari wa saruji mpya mahali ulipokuwa ukuta, ikaingia sebuleni nzima, mguu wa mbele hadi mguu wa nyuma. Wakaiacha hapo wakihema na kucheka. Seremala aliuzunguka mstari ule, akachungulia miguu ya nyuma imesimama wapi, akapima kwa jicho.

"Imetoka," akasema, akaweka sahani yake juu ya meza, akakaa.

Mama Upawa alikaa mbele yake. Kelele zilikuwa nyingi pande zote, mmoja anaomba chumvi, mwingine anasimulia habari za treni ya Jirani, lakini yeye hakusikia kitu. Alimtazama mumewe akikata tonge, akilichovya, akilipeleka mdomoni. Seremala alitafuna mara moja, mara mbili. Halafu akafumba macho.

Alifumba taratibu, nyusi zikalegea, uso wote ukatulia, vilevile kama anavyofumba akipitisha kiganja juu ya ubao uliolainika. Akakata tonge la pili bila kufumbua.

"Ameshalala huyo," Jirani akasema.

"Halali," Wifi akasema huku mdomo umejaa. "Tangu mtoto ndivyo alivyo. Akipewa kitu anachokipenda, hufumba macho. Kila siku nikipita uani namwona amekaa kizingitini amefumba macho kama kipofu. Kwani wifi hukujua?"

Mama Upawa alitikisa kichwa tu, machozi na kicheko vikimjia kwa pamoja. Seremala akafumbua macho, akakuta watu wote wanamtazama, akauliza kuna nini.

"Hakuna kitu," mkewe akamwambia. "Kula."

Yeye mwenyewe hakugusa sahani yake mpaka chakula kikapoa.